Istilahi za Plastiki Zimo Jaani

Ni ada yetu katika kurasa hizi kujadili istilahi za sayansi kana kwamba huzaliwa ofisini. Makala hii inanuia kuonyesha kuwa nyingine zimo katika jaa la Dandora, lililoanza kupokea taka za Nairobi katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mnamo 2001, ilhali malori yangali yakimwaga humo.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, mwanafunzi wa uhandisi, aliniomba nimsaidie kumweleza mamake anachosomea. Mama huyo amewalea wanawe kwa kuchambua plastiki jaani na kuziuza kwa kilo. Kijana alizijua themoplastiki kwa Kiingereza tu, akababaika. Nami, mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, nikababaika zaidi. Mama ndiye aliyetuokoa: "Mnasema zile zinazoyeyuka zikawa kitu kingine? Hizo si ndizo ninazouza!"

Ndizo hasa. Themoplastiki ni kama nta: huyeyuka kwa moto, hukauka, na huweza kuyeyushwa tena. Aina ya pili, kama ile ya mshikio wa sufuria, ni kama yai: likishachemshwa halirudi kuwa bichi. Mama huzipambanua kwa maji. Kipande cha mtungi wa mafuta huelea, cha chupa ya soda huzama. Kuzichanganya ni hasara, kwani plastiki ya mtungi huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, nayo ya chupa huhitaji kama 250.

Hata hivyo, kuna jambo asilolijua. Bomba la PVC likichomwa hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu. Mwanawe alilisoma hilo darasani, lakini hakuwahi kumwambia mamake, kwa kuwa hakuwa na maneno ya kulisemea.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Sikubaliani nao. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Aidha, tazama vitenzi tulivyo navyo: beseni husindiliwa katika kalibu, chupa hupulizwa, bomba hukamuliwa kupitia tundu. Hizo ni mbinu tatu kuu za kiwandani, na hakuna hata moja iliyohitaji kukopa.

Sisemi uhandisi ufundishwe kwa Kiswahili kuanzia kesho. Ninachopendekeza ni kwamba chama chetu kiwatume wanachama kwa wachambuzi wa taka na mafundi wa jua kali, wakusanye maneno yao, kisha tuyalinganishe na mihadhara ya wahandisi. Istilahi ibuniwayo bila kumshauri mtumiaji hufia kamusini. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nasi tumekuwa tukiyaunda maneno tukiwa wachache mno. Iwapo Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, basi yule mama ana haki ya kuonywa kwacho kabla hajawasha moto.