Mpeni Shosh Mizani

Semina ilikuwa ya siku mbili, kwenye ukumbi wa kanisa huko Kinangop. Nilienda kwa sababu shosh alinipigia simu akasema kuna watu wanakuja kufundisha kilimo biashara na anataka mtu wake awe pale, asije akatia sahihi kitu asichokijua. Tulipewa kalamu, daftari lenye nembo, fulana, chai na mandazi mawili mawili. Mkufunzi alikuwa kijana nadhifu kutoka shirika ambalo sitalitaja. Akabandika karatasi kubwa ukutani, akaigawa kwa mstari: mkulima wa kawaida upande huu, mkulima mfanyabiashara upande ule. Wa kawaida analima kwa mazoea. Mfanyabiashara ana mpango, ana rekodi, ana maono. Shida yenu, akasema, ni fikra.

Halafu akauliza, kwa heshima zote, "Sasa wazazi wetu, ni nini kinawazuia kuvuka huu mstari?"

Shosh akainua mkono. "Mizani," akasema.

Ukumbi ukacheka. Mkufunzi naye akacheka, akaandika "mtaji" kwenye karatasi, akamgeukia mzee aliyekuwa amekaa nyuma yetu.

Sijawahi kulisamehe lile neno "mtaji". Mama wa miaka sabini na kitu, ambaye amelima viazi tangu kabla mkufunzi azaliwe, aliulizwa swali na akalijibu kwa neno moja. Jibu lake likafasiriwa mbele yake mpaka likawa kitu ambacho shirika lilikuwa tayari limekiandikia bajeti.

Kwa wale ambao mnaijua waru ikiwa tayari kwenye karatasi na kachumbari, acha nieleze mizani inaingiaje hapa. Huko Nyandarua mkulima mdogo hauzi viazi kwa kilo. Anauza kwa gunia. Broka anakuja shambani na lori, na vijana wa kupakia, na magunia yake mwenyewe. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Lakini halishonwi hapo. Juu yake kunaongezwa neti au kipande cha gunia jingine, viazi vinapangwa kimoja kimoja kama fundi anayejenga ukuta wa mawe, halafu ndiyo linafungwa kwa kamba. Likisimama linamzidi shosh kimo. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ilipatanwa "kwa gunia", na hili, kwa jina, ni gunia moja.

Kuna msimu tuliazima mizani kwa mwenye kinu cha unga tukapima mojawapo kabla halijapakiwa. Kilo 150. Gunia la kawaida likijaa viazi huwa kama kilo 110. Shosh alikuwa ameuza magunia 44 kutoka ekari mbili, kwa shilingi 3,000 kila moja: 132,000. Sasa chukua viazi vilevile, uvitie kwenye magunia ya kilo 110. Yanakuwa 60. Kwa bei ileile, hiyo ni 180,000. Shilingi 48,000 ziliondoka shambani zikiwa zimepangwa vizuri ndani ya neti, na hakuna mahali popote kwenye daftari lenye nembo ambapo ungeziandika. Si gharama, si deni, si hasara. Ni karo ya bweni ya mwaka mzima, au karibu, na haina hata jina.

Na rekodi shosh anazo. Ukutani jikoni kuna kalenda ya duka la dawa za mifugo, na kwenye kila tarehe kuna alama zake: siku ya kupanda, siku ya mbolea, siku ya dawa ya ukungu, vibarua wangapi, nani hajalipwa. Anachokosa ni nguvu ya kumfanya mtu mwingine akubali kile kipimo alichokiandika. Huwezi kumpa mtu nguvu hiyo kwenye semina.

Mtaniuliza, si angekataa tu? Amwambie broka aende zake?

Hapo ndipo tunamkuta Shangi. Wakulima wengi wa viazi Kenya wanapanda Shangi kwa sababu inakomaa haraka, inazaa vizuri na inaiva upesi kwa sufuria. Chipo nyingi mnazokula mtaani ni yeye. Lakini Shangi ana tabia moja: hana usingizi. Aina nyingine ukizivuna zinalala miezi kadhaa kabla ya kuota. Shangi ukimweka ghalani, wiki chache tu ameshaanza kutoa macho. Kiazi kilichoota hakiuziki kwa chipo. Na shosh hana ghala la baridi, hata lile la kawaida lenye giza na hewa hana. Ana chumba cha nyuma chenye mabati. Kwa hivyo broka anapofika, saa imeshaanza kuhesabu, na wote wawili wanaisikia. Mmoja ana lori linaloweza kwenda shamba lingine. Mwingine ana viazi visivyoweza kwenda popote. Halafu tunaambiwa hawa ni wafanyabiashara wawili wanaopatana bei kwa hiari.

Sheria ipo, msidhani haipo. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema wazi kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Zilipotangazwa wakulima walishangilia. Wakuu wa kaunti walipigwa picha wakiwa wamesimama kando ya magunia madogo mazuri. Kilichofuata kinajulikana na kila mtu anayelima: kaunti moja ikikaza, malori yanavuka mpaka kwenda kaunti ya pili ambayo imelegeza. Wakulima waliotii sheria wanabaki na viazi vyao na sheria yao. Msimu unaofuata, wao wenyewe ndio wanaomnong'oneza broka arudi na neti zake.

Sasa ngoja, maana najua maandishi ya aina hii huishia wapi. Huishia kwa broka kuitwa mnyonyaji, kisha tunaenda nyumbani tukiwa safi. Huyu broka ninayemjua mimi ni rika langu. Alisomea ualimu, akakosa kazi, akaingia barabarani. Lori si lake. Shosh humwita kijana wangu na humpa chai kila anapokuja, kabla na baada ya kugombana. Nilipomuuliza kwa nini hapimi, hakukasirika. Alinihesabia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Ushuru wa kaunti unatozwa kwa gunia. Ukifika Nairobi, washushaji wanalipwa kwa gunia, na mnunuzi wa jumla pia anauliza magunia mangapi, haulizi kilo ngapi. Kila mkono unaogusa mzigo unahesabu magunia. Kwa hivyo kila mwenye akili timamu atalifanya gunia liwe kubwa iwezekanavyo. "Mimi nikija na ya hamsini," aliniambia, "nitalipa kila kitu mara tatu, halafu Marikiti hakuna mtu ataniangalia."

Yaani hata kaunti inajiibia. Lumbesa ya kilo 150 inalipa ushuru wa gunia moja, wakati kwa sheria ile ni magunia matatu. Na wale vijana wa kupakia, wanaobeba kilo 150 mgongoni kwenye ubao wenye matope, hao hawaalikwi hata kwenye semina.

Hapa ndipo nataka tuongee sisi kwa sisi, wa huku Nairobi. Tumezoea kudhani kwamba shida ya mkulima iko kwa mkulima, huko mbali, na sisi kazi yetu ni kuhurumia na kusambaza video. Lakini angalia lori linaenda wapi. Mashamba ni maelfu na njia za panya hazihesabiki. Hakuna afisa wa kilimo anayeweza kusimama kwenye kila shamba Kinangop, Molo na Timau. Soko la jumla lina lango. Marikiti ina lango, na lango hilo ni la kaunti ya Nairobi, ambayo wewe na mimi tunaichagulia gavana na wawakilishi wa wadi. Siku ambayo Marikiti na masoko mengine ya jumla ya jiji yataacha kupokea gunia linalozidi kilo 50, na kutoza ushuru kwa uzito badala ya kwa idadi, yule broka rafiki yangu atakuja na mizani shambani yeye mwenyewe. Hatahitaji kuhubiriwa. Hatakuwa na pa kupeleka neti.

Kanjo wanajua kumkimbiza mama wa mahindi choma kutoka Tom Mboya Street hadi Ngara. Hawawezi kuliona gunia lenye kimo cha mtu likipita mbele yao alfajiri? Wanaliona. Tuache mzaha.

Mnakumbuka Januari 2022, KFC walipoishiwa na chipo? Walisema shehena kutoka nje imechelewa, na kwamba viazi vya hapa havikuwa vimepitia utaratibu wao wa ubora. Mtandao uliwaka moto. Tuliapa hatutakula tena pale, tukapakia picha za viazi vya Nyandarua, siku mbili tatu tukawa wazalendo wa waru. Mimi pia niliandika. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza, huyu mkulima tunayemtetea, anauza kwa kipimo gani? Tulikuwa tunapigania haki ya viazi vya shosh kuingia kwenye mafuta ya mtu mkubwa. Kuhusu bei ya kilo tulinyamaza.

Na kuna hawa wa TikTok, siwezi kuwaacha. Ekari moja, miche kadhaa, kila mche matunda kadhaa, zidisha kwa bei ya Ulaya, hesabu ya milioni kabla video haijaisha. Tulishapitia haya na kware. Mwaka 2013 na 2014 kila jamaa aliyekuwa na roshani alikuwa anafuga kware, leseni ya KWS ukutani, mayai yanasemekana yanatibu kila kitu. Bei ikaanguka, na waliopata pesa ni wale waliouza vifaranga kwa wafugaji wapya. Nawataja kwa sababu moja tu: kwenye hesabu za aina ile hakuna mnunuzi. Kuna mavuno na kuna bei, na katikati hewa.

Mtu atasema mizani si kila kitu, na ni kweli. Mbegu safi ya viazi inawafikia wachache. Wengi wanarudia mbegu yao wenyewe msimu hadi msimu huku mnyauko ukiingia shambani. Mbolea nayo tuliiona mwaka 2024, pale mbolea iliyouzwa kwenye mpango wa ruzuku ya serikali ilipogunduliwa kuwa nyingine haifiki kiwango. Bunge likapiga kura kumng'oa waziri, kamati ikamsafisha, maisha yakaendelea. Mkulima aliyekuwa ameshaitia ardhini hakuwa na kura ya kupiga. Fikiria msimu wa mtu kama huyo: gunia analonunua linadanganya kuhusu kilichomo ndani, na gunia analouza linadanganya kuhusu ukubwa wake. Katikati ya hayo mawili ndipo tunamtaka awe na maono.

Wala msiniambie wakulima wa Kenya hawawezi kupimiwa. Chai inapimwa kwa kilo kwenye kituo cha kununulia, majani mabichi, kila mavuno, kwa mkulima wa vichaka mia tano sawa na wa elfu tano. Wana malalamiko yao mengi, na mengine mazito, lakini mwenye chai anarudi nyumbani na karatasi yenye kilo. Maziwa yanapimwa. Viazi, zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi, tunapima kwa macho ya mtu mwenye haraka ya kuondoka.

Kwa hivyo ukiwa unafanya kazi kwenye mojawapo ya haya mashirika, na wengi wenu mnaonisoma mko huko ama mnatafuta kuingia, nina ombi. Chukua bajeti ya fulana. Nunua mizani ya kuning'inia, moja kwa kila kikundi, na ghala moja la giza kwa kila kijiji ili shosh aweze kungoja wiki tatu. Halafu chukua ile bajeti ya hoteli ya Naivasha uende uketi na wawakilishi wa wadi wa Nairobi mpaka wachoke na wewe.

Kikundi cha shosh hakikungoja. Wanawake tisa walichanga kupitia chama chao, wakanunua mizani ya kuning'inia na kuifunga kwenye tawi la mti langoni mwake. Broka wetu alipofika aliiangalia, akanywa chai yake, akasema, "Shosh, leo umeniwekea mtihani." Kisha akaondoka, akaenda kupakia kwa jirani ng'ambo ya mto. Siku ya nne walikuja wawili, wakaondoka pia. Mama mmoja kwenye kikundi alitoka usiku akauza lumbesa kumi, na shosh hajamlaumu, kwa sababu mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kutafuta karo.

Siku ya tisa alikuja mwingine, hatumjui, lori dogo. Alikubali kupima. Akatoa shilingi 23 kwa kilo. Kwa lumbesa msimu ule mwingine shosh alikuwa amepata 20. Kwa gunia la haki angepata 27 na senti kidogo. Mpaka hapo viazi vya magunia manne vilikuwa vimeshaota kwenye chumba cha mabati.

Nilimuuliza kama ilifaa kungoja. Alikuwa ameshika kalamu na kalenda mkononi. Akaniambia nishike gunia upande ule, tumalizie la mwisho kabla giza halijaingia.