Dawa za kuua mikrobi zipimwe kwa maji ya Lubumbashi

Maji ya Kimilolo, ambayo Regideso huyavuta kwa ajili ya wakaaji wa Lubumbashi, hupita chini ya ardhi katika mwamba wa dolomiti. Humo yanabeba kalisiamu na magnesiamu, zile zinazoacha ukoko mweupe katika sufuria. Ukoko huo unaihusu hospitali kuliko jikoni.

Mwaka 2019, mikrobi zilizozoea antibiotiki ziliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Ndiyo maana wataalamu wanatengeneza polima zenye chaji chanya. Njia hiyo ilitiwa nguvu na chura wa Afrika: mwaka 1987 Michael Zasloff alieleza kwamba ngozi yake hutoa magainini, minyororo midogo yenye chaji kama hiyo. Ganda la bakteria lina chaji hasi, basi vitu hivyo viwili huvutana. Mnyororo ukishagusa ganda hujikunja upya, upande wake wenye asili ya mafuta unazama ndani, na ganda linapasuka. Seli ya mtu kwa nje haina chaji hasi nyingi, kwa hiyo huponea kwa kiasi.

Lakini yote hayo hutokea ndani ya maji, na maji si yale yale kila mahali. Kalisiamu na magnesiamu nazo zina chaji chanya: zinakalia nafasi kwenye ganda kabla polima haijafika. Chumvi nayo hufunika chaji za mnyororo, ukajikunja au kurundikana na mingine. Dawa iliyofaulu katika maji safi ya maabara inaweza kulegea hapa.

Kuna atakayesema bomba litoe maji kwanza. Ana haki kabisa. Hata hivyo, dawa za amonia ya kwaternari za kusafishia sakafu na vyombo vya hospitali zinatumia chaji hiyo hiyo, na maji magumu huzipunguza nguvu. Ulaya, kipimo cha EN 1276 hujaribu dawa za usafi katika maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa kilo.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanakemia na wafamasia. Wachote maji kwenye bomba za Katuba, Kenya na Kamalondo, wachanganye humo kila dawa inayoletwa kuuzwa, wahesabu mikrobi zilizobaki. Hospitali isilipe feza kabla ya kuona hesabu hiyo.