Kitabu Ambacho Mfalme Alikatazwa Kukisoma

Wafalme wengi wa dunia hii waliandikiwa historia zao wakiwa hai, na aliyeandika alilishwa na huyo huyo mwenye kuandikwa. Historia ya namna hiyo huwa ni sifa tupu. Leo, wasomaji wapenzi, natutazame Korea, ambako ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka 1392, uliacha kumbukumbu zisizo na mfano. Wenyewe waziita Sillok. Ni habari za wafalme 25 katika miaka 472, hadi 1863. Juzuu 1,893 zilizofungwa katika vitabu 888.

Lakini wingi wa karatasi si hoja. Hoja ni sharti lililowekwa. Mfalme alipoketi barazani, waandishi wa historia waliketi karibu wakinukuu asemalo na atendalo. Sisi twawajua Rakibu na Atidi. Sifananishi malaika na binadamu, hasha, ila nadhani mfalme yule aliionja hofu yake kidogo. Mfalme akisha kufa, ndipo iliundwa ofisi maalumu, yakakusanywa maandishi ya waandishi wale pamoja na majalada ya serikali, na kumbukumbu za utawala wake zikatungwa. Aliyerithi kiti hakuwa na ruhusa ya kuzisoma.

Mwaka 1404 Mfalme Taejong alianguka kutoka juu ya farasi akiwinda. Alipoinuka, jambo la kwanza aliamuru mwandishi asipate habari. Mwandishi akapata habari. Akaandika kuwa mfalme ameanguka, kisha akaandika na ile amri ya kufichwa! Mwanawe Sejong, yule aliyewatungia Wakorea herufi zao, alitamani kusoma yaliyoandikwa juu ya babake. Mawaziri wakamwambia kwamba akisoma yeye watasoma na watakaomfuata, na waandishi wataingiwa na woga. Akaacha.

Si wote walioacha. Mwaka 1498 Mfalme Yeonsangun aliletewa habari za yaliyomo katika maandishi ya Kim Il-son, naye mwandishi yule akauawa kwa ajili ya wino wake. Yeonsangun aling'olewa mwaka 1506. Habari za utawala wake ziliandikwa vile vile, lakini zikanyimwa hata heshima ya kuitwa Sillok.

Liko jambo moja ambalo moyo wangu haulikubali sana. Kitabu kikisha kukamilika, maandishi ya kwanza yalioshwa katika kijito cha Segeomjeong, Seoul, wino ukaenda na maji, na karatasi ikatengenezwa upya. Sisi tuliosoma vyuoni twaijua kazi ya kuosha ubao, lakini ubao huoshwa aya zikiwa zimeshahifadhiwa kifuani. Wao waliosha ili siri na ugomvi visitoke nje. Hata hivyo shahidi wa kwanza alipotea. Linalonipoza ni hili: kundi jipya lilipopata nguvu na kuona kwamba kumbukumbu za Mfalme Seonjo zimeandikwa kwa chuki za wapinzani wao, lilitunga za kusahihisha, lakini zile za awali halikuzichoma. Zote mbili zipo hata leo, na msomaji aweza kuwahukumu wote wawili. Ama za wafalme wawili wa mwisho, zilitungwa chini ya ukoloni wa Kijapani, nazo hazihesabiwi pamoja na hizo nyingine. Mwenye kalamu alijulikana ni nani.

Sasa kuhifadhi. Nakala ziliwekwa katika miji minne: Seoul, Chungju, Seongju na Jeonju. Japani ilipovamia mwaka 1592, tatu ziliteketea. Ya Jeonju iliokolewa na wanachuoni wawili wa kijijini, An Ui na Son Hong-rok, waliojitolea kuihamishia katika mlima wa Naejangsan, wakailinda huko zaidi ya mwaka mmoja. Lau wangalisubiri amri ya serikali, karne mbili za habari zingalikuwa majivu.

Nisomapo hayo naikumbuka Pate. Wanazuoni wamesimulia kuwa kitabu cha asili cha habari za masultani wake kilipotea Waingereza walipoipiga Witu mwaka 1890. Tunazosoma leo ni nakala zilizotokana na masimulizi ya Bwana Kitini, nazo zahitilafiana. Nasi tungali na masanduku majumbani yenye hati za mababu, nakala moja moja, mchwa akizisoma kabla yetu, na mwenyewe ukimwomba zinakiliwe akuona mwizi. Hati iliyo na nakala moja tu ina adui wengi mno.

Wakorea walilielewa hilo. Baina ya 1603 na 1606 walichapa upya, wakazipeleka nakala milimani, mbali na barabara za majeshi. Kila baada ya miaka michache mwandishi alitumwa kutoka mji mkuu kuzianika kwa jua na upepo, kwani unyevu nao ni jeshi.

Nakala ya mlima wa Odaesan ilichukuliwa na Wajapani mwaka 1913, ikapelekwa Chuo Kikuu cha Tokyo. Zilzala ya 1923 ilipoleta moto, sehemu kubwa iliungua. Vitabu 27 vilivyosalimika vilirudishwa Seoul mwaka 1932. Vingine 47 vilibaki Tokyo mpaka 2006, Wakorea walipovidai wakavipata; na mwaka 2023 jumba la makumbusho likafunguliwa chini ya mlima ule ule wa Odaesan, vikarudi kwao.