Eriali Moja Nje ya Bati Yashinda Mashine Kumi za Ndani



Huko Marekani wako wafanyakazi wengi wanaolala katika nyumba za trela. Hizi ni nyumba ndogo zenye magurudumu, zinazokokotwa na gari, na ndani yake mna kitanda, jiko, na taa zinazowaka kwa betri ya volti 12. Wenye nafasi huzitumia kwa mapumziko. Lakini kwa watu wa kazi za msimu hayo ndiyo makao: mtu hufunga trela nyuma ya gari, hufuata kazi iliko, na kazi ikiisha huondoka. Kilio kimoja cha watu hao ni kwamba intaneti isiyo na waya, ile iitwayo waifai, haishiki vizuri ndani ya trela.

Sisi twaona kwamba kilio hicho si jambo la starehe, na kwamba dawa inayouzwa madukani siyo dawa yenyewe. Maoni yetu ni haya: eriali moja iliyowekwa nje, juu, kwa ajili ya wote, yashinda mashine kumi zilizofungwa ndani ya trela kumi. Na pale ambapo kambi ni ya kazi, gharama ya eriali hiyo yampasa mwajiri.

Yafaa tueleze kwanza watu hao ni nani. Katika bonde la mto Red River, mpakani mwa majimbo ya Minnesota na North Dakota, kila mwaka ifikapo Oktoba huvunwa viazi sukari, yaani mizizi mikubwa inayotoa sukari kama vile muwa unavyotoa sukari kwetu. Watu hutoka mbali na trela zao, hupiga kambi, na kufanya zamu za saa 12. Viazi hivyo haviwezi kurundikwa vikiwa na joto, wala vikiwa vimeganda kwa baridi, na mashamba yakilowa magari hukwama. Kwa hiyo kazi husimama na kuanza tena kwa amri ya hali ya hewa.

Vilevile, mwaka 2008 kampuni ya Amazon ilianzisha mpango ulioitwa CamperForce, wa kuwaita wakaaji wa trela kufanya kazi ya msimu katika maghala yake. Mpango huo sasa umekwisha, lakini maisha hayo hayajaisha. Mwandishi Jessica Bruder aliyaeleza katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, na wengi aliowakuta ni wazee ambao pensheni haiwatoshi.

Mtu asiye na anwani ya kudumu, anwani yake ni simu. Kwa simu na intaneti hutafuta kazi ya msimu ujao, hujaza karatasi za ajira, hupokea habari za benki, hunena na daktari, na kuwaona wajukuu walio mbali. Mawimbi yakikatika, si wimbo uliokatika. Pengine ni zamu iliyompita, au kazi ambayo mwingine ameipata.

Sasa tuangalie ubaya unatoka wapi. Mara nyingi kosa haliko kwenye simu. Liko ukutani. Mwaka 1888 mtaalamu Heinrich Hertz, katika mji wa Karlsruhe huko Ujerumani, alisimamisha bati la zinki mbele ya mawimbi ya redio, na mawimbi yakarudi yalikotoka kama mwanga unavyorudishwa na kioo. Waifai nayo ni redio, na trela nyingi zimevikwa bati la alumini. Zile ziitwazo Airstream, zinazong'aa kama sufuria mpya, karibu mwili wao wote ni alumini. Aliyeketi ndani yake ameketi ndani ya debe. Mawimbi kidogo yanayoingia hupitia dirishani, na hata kioo cha dirisha, kikiwa kimepakwa utando wa madini wa kuzuia joto, huyapunguza.

Kuna na mambo mengine. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Majani ya miti yamejaa maji, na maji hunywa mawimbi. Trela jirani, nazo za bati, husimama katikati kama ukuta. Ndiyo maana mtu aweza kuwa hatua 100 tu kutoka mlingoti wa kambi, na asipate kitu.

Basi, la kufanya ni nini? Twataja kwa utaratibu, kuanzia lisilo na gharama.

Kwanza, pima kabla ya kununua. Chukua simu, nenda ukasimame karibu kabisa na mlingoti wa kambi. Ikiwa hata hapo intaneti yasuasua, basi shida si mawimbi. Shida ni kwamba mwenye kambi amevuta bomba jembamba, na watu mia wanakinga ndoo. Hapo hakuna eriali itakayokufaa, na fedha utakayotoa dukani imepotea bure. Ikiwa karibu na mlingoti yaenda vizuri, na ndani ya trela yakwama, ndipo shida ni mapokezi.

Pili, sogeza kabla ya kuongeza. Geuza trela ili dirisha kubwa lielekee mlingoti. Weka mashine dirishani na juu, si chini ya meza. Ikiwa mashine yaweza kuchagua masafa, jaribu gigahezi 2.4 badala ya 5. Ya 5 ni ya kasi zaidi, lakini ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya vizuri zaidi.

Tatu, toa eriali nje ya bati. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Lakini hapa watu wengi hupoteza fedha. Hununua eriali nzuri, wakaiunganisha na mashine ya ndani kwa waya mwembamba mrefu. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, waya mwembamba wa kawaida wa eriali humeza karibu nusu ya nguvu katika kila mita 3. Mita 6 zikibakiza robo, eriali imefanya kazi ya bure. Iliyo bora ni kuweka redio yenyewe nje, pamoja na eriali yake, juu ya mlingoti, kisha kuteremsha ndani waya wa mtandao, ambao waweza kufika mita 100 bila hasara na kupeleka umeme juu kwa njia hiyo hiyo.

Nne, elekeza. Eriali inayotazama upande mmoja hukusanya mawimbi kama karai linavyokusanya maji ya mvua. Wako watu waliochukua karai la bati jikoni, wakaweka kipokezi kidogo cha waifai mahali ambapo karai hukusanya mawimbi, wakaelekeza kwenye mlingoti, na mapokezi yakapanda. Si mzaha, ni kanuni ile ile ya sahani za setilaiti.

Lakini tunaonya. Kabla ya kuinua mlingoti, tazama juu. Waya wa umeme unaopita angani huua mtu anayeshika bomba la chuma. Mlingoti ushushwe wakati wa radi, na kabla ya trela kuondoka. Maisha ya mfanyakazi ni ghali kuliko intaneti yote ya dunia.

Ndugu, sasa tumefika kwenye kiini cha maoni yetu. Wauzaji humwambia kila mtu peke yake: nunua mashine yenye nguvu zaidi kuliko ya jirani. Matokeo yake ni nini? Katika masafa ya gigahezi 2.4 mna njia tatu tu zisizoingiliana. Trela kumi zikifunga mashine kumi za kurudia mawimbi, zote zinapigania njia hizo tatu. Tena mashine ya kurudia yenye redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Hupokea, kisha husema, na kasi hukatika kama nusu. Jirani akisikia kelele, naye hununua kubwa zaidi. Ni kama wafanyakazi kumi wanaomkabili msimamizi, kila mmoja akipaza sauti yake: hakuna linalosikika, na msimamizi huondoka akicheka.

Watu hao kumi wakichanga fedha, wakasimamisha mlingoti mmoja mrefu wenye redio nzuri, wakaugawanya kwa utaratibu, kila mmoja hupata zaidi kwa gharama ndogo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twasema hivi si kwa sababu sisi ni watu wa chama na tunapenda kila jambo lifanywe pamoja. Anga ni moja, nafasi yake ni haba, na kitu kilicho haba hakigawanywi kwa kushindana kelele.

Hata hivyo, kuchanga peke yake hakutoshi. Yuko mwenye wajibu. Mwajiri anayemtaka mtu aishi kambini, akampelekea habari za zamu kwa simu, amekwisha kuifanya intaneti kuwa chombo cha kazi. Hatumwambii mvunaji aje na mizani yake mwenyewe, wala mtu wa kiwandani aje na mashine yake mgongoni. Kwa nini basi chombo hiki kinunuliwe kwa mshahara wa mfanyakazi? Mlingoti wa kambi uandikwe katika mapatano ya kazi pamoja na maji, choo na umeme. Na mtu asihesabiwe kuwa ametoroka kazini kwa ujumbe ambao haukumfikia.

Wenye kambi nao wasijifanye wafalme wa anga. Sheria ya Marekani ina jambo la kutufunza. Kanuni ya mwaka 1996, ambayo mwaka 1999 ilianza kuwahusu na wapangaji, ilimkataza mwenye mali kumzuia mpangaji kuweka sahani ya televisheni isiyozidi mita moja mahali anapopatumia peke yake, na mwaka 2001 ikapanuliwa kufikia eriali za mawasiliano mengine ya namna hiyo. Tena mwaka 2014 kampuni ya hoteli ya Marriott ilikubali kulipa dola 600,000, baada ya kuonekana kwamba katika hoteli yake moja mjini Nashville waifai za wageni wenyewe zilikuwa zinazuiwa, huku hoteli ikiuza ya kwake. Haki hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Watu walilalamika, na malalamiko yakaandikwa.

Tuna neno pia kwa wenzetu wa viwandani. Trela nyingi za Marekani huundwa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Tundu moja la waya juu ya paa, likiwekwa kiwandani, ni kazi ndogo. Likitobolewa baadaye na mtu asiye fundi, ni mlango wa mvua. Anayeunda nyumba ya mfanyakazi mwenzake na apaze sauti juu ya jambo hilo.

Na sisi wa huku je? Hatukokoti nyumba, lakini tunajua bati. Wengi wetu hulala chini ya mabati katika kambi za mashamba, na kushinda chini ya mabati ya kiwanda. Wako wenzetu wanaopokea mshahara kwa simu, na wanaotoka nje usiku wakainua mkono juu kutafuta mawimbi. Bati lile lile linalowafunga wenzetu wa Red River latufunga na sisi, na dawa ni moja: usinunue mashine ya ndani kwa sababu jirani amenunua. Pima kwanza. Toa eriali nje. Ukitaka kufunga kipaza mawimbi ya simu, uliza kwanza kama kinaruhusiwa, maana kibovu huharibu mawasiliano ya kijiji kizima.

Zaidi ya hayo, jambo hili lipelekwe kwenye kamati ya tawi. Wajumbe wa tawi wahesabu nyumba ambazo simu hazishiki, waandike orodha, na waiweke mezani siku ya kujadili makazi. Mwajiri ambaye ujumbe wake lazima utufikie ndani ya bati, na asimamishe mlingoti nje ya bati.