Kinga za viwanda zisihesabiwe karatasini tu

Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, gesi ya sumu ilivuja kiwandani Bhopal, India, ikaua maelfu. Kinga zilikuwepo, lakini mtambo wa kupoza ulikuwa umezimwa na bomba la kuchomea gesi lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo.

Tuchukue mfano: kinga 3 zinazojitegemea, kila moja ikishindwa mara 1 katika 10. Zote kushindwa pamoja ni mara 1 katika 1,000. Moja ikizimwa, ni mara 1 katika 100. Hatari imezidi mara 10. Ndiyo maana kila kadirio libadilishwe makusudi, ionekane lipi linageuza jibu.

Sisi wa mipakani, tunaopitiwa na malori ya mafuta, tuwaulize wenye maghala: kinga ipi ikilala, hatari inapanda kiasi gani? Na nani aliikagua, lini?