Bethdei ya Mtoto au ya Wazazi?

Mwezi huu nataka tuongelee jambo linalowagombanisha wapenzi wengi kuliko wanavyokiri: bethdei ya kwanza ya mtoto. Na hasa ile ya kufanya mtoko mkubwa, kumpeleka mtoto kwenye bustani za michezo zenye mabembea, vitreni na mabwawa ya kuogelea.

Nianze kwa kukiri kwamba hata mimi yalinikuta.

Binti yetu alipokaribia kutimiza mwaka, mume wangu alikuja na wazo. Hakutaka keki ya kukatia sebuleni. Alitaka familia nzima twende kwenye bustani moja ya michezo ya maji hapa Dar, upande wa pwani ya kaskazini. Nikamuuliza, "Mtoto hata kutembea hajui, atacheza nini huko?" Akajibu, "Atacheza tu. Mtoto wangu si wa kufungiwa ndani." Nikanyamaza. Wanawake wenzangu mnakijua kimya kile. Si cha kukubali, ni cha kuweka akiba.

Basi wazo likakua. Wakaalikwa mashangazi, wakaalikwa mabinamu, wakaongezeka na watu wawili wa ofisini kwake. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, na mtu mmoja akauliza sare itakuwa rangi gani! Jamani, kamati za harusi tumezizoea, lakini kamati ya mtu mwenye meno manne?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulipanga kuondoka saa tatu asubuhi, tukaondoka saa tano. Mtoto akapata usingizi kwenye foleni ya Mwenge, akaamka wakati tunaegesha gari, saa sita na nusu, jua la utosi. Getini yeye hakulipiwa, lakini watu wazima tulikuwa kumi na wanne. Mume wangu alitoa hela huku akitabasamu lile tabasamu la mtu anayepiga hesabu kichwani. Kuingia ndani, maji yanaporomoka kwenye mabomba, muziki uko juu, watoto wakubwa wanapiga mayowe ya furaha. Binti yangu akatazama mara moja, akanikumbatia shingo kwa kucha zote, akaanza kulia.

Alilia kwenye bembea na kwenye kitreni. Baba yake alipomchovya miguu majini, ndiyo kabisa. Kitu pekee kilichomfurahisha siku ile ni kifuniko cha chupa ya maji. Akakaa chini nacho, anakigonga, anakitupa, anakifuata kwa kutambaa, anacheka mwenyewe.

"Yaani nimelipa hela zote hizi mtoto achezee kifuniko?" mume wangu akasema.

Na mimi nikaitoa akiba yangu yote. "Nilikwambia." Neno moja tu, lakini nililisema mbele ya shangazi zake. Akaliacha begi la pampasi pale pale, akaenda kusimama peke yake kwenye maegesho ya magari.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Hakutoa nasaha wala hakuuliza nani kaanza. Alichukua kanga, akambeba mjukuu wake mgongoni, akasogea kwenye kivuli cha mkungu. Dakika kumi hazikupita, mtoto kalala. Akamwita mwanawe, kisha akatuambia wote wawili, "Nendeni mkaoge. Mtoto ninaye mimi."

"Mama, na sherehe?"

"Sherehe gani? Mwenye sherehe si huyu kalala."

Tukaenda. Tulipanda ngazi za bomba refu la kutelezea bila kusemeshana. Juu kulikuwa na foleni, tukasimama. Hapo ndipo mume wangu aliponiambia jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kulisema. Yeye hajawahi kukatiwa keki maishani. Kwao walikua watoto saba, na tarehe yake ya kuzaliwa aliijua siku aliyoandikishwa shule. Utoto wake wote bustani za namna ile alizionea dirishani kwenye daladala. Alishajiapiza kwamba akipata mtoto, huyo ataingia ndani.

Nami nikamwambia langu. Kwamba mwaka ule mzima, tangu leba, hadi usiku wa homa, hadi kurudi kazini matiti yamejaa, kila mtu alikuwa akimsifia mtoto kwa kukua. Hakuna aliyenigeukia mimi akasema hongera mama, umefika. Sikuwa nachukia bustani. Nilichokuwa nikitaka kilikuwa bure kabisa.

Akanitazama. "Hongera," akasema. Kijana anayesimamia bomba akatushtua, "Haya bosi, zamu yenu." Tukashuka. Nilipiga kelele kama mtoto wa darasa la tatu.

Msomaji wangu, nimelifikiria sana jambo lile. Kosa letu halikuwa kwenda kule. Kosa letu ni kwamba kila mmoja alijificha nyuma ya mtoto. Mume wangu alisema "mtoto atafurahi" wakati anayetaka kufurahi ni yeye. Mimi nilisema "mtoto atachoka" wakati niliyechoka ni mimi. Mtoto mwenyewe hakuomba kitu.

Na wala hatakumbuka! Wataalamu wa kumbukumbu wanasema watu wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo ukimpeleka wa mwaka mmoja, kumbukumbu itabaki kwenu nyie na kwenye simu zenu. Je, ni vibaya? Mimi nasema si vibaya hata kidogo, mradi mkubaliane hivyo.

Hebu tazama bustani maarufu kuliko zote. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa amewapeleka binti zake kwenye farasi wa kuzunguka wa Griffith Park, Los Angeles. Watoto wanazunguka, yeye kakaa kwenye benchi anatafuna karanga, hana la kufanya. Akajiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo wazazi na watoto watafurahi pamoja. Disneyland ikafunguliwa mwaka 1955 kule Anaheim, California, na mpaka leo mtoto wa chini ya miaka mitatu haingii kwa tiketi. Umeona? Tangu mwanzo, mzazi wa kwenye benchi naye alikuwa amefikiriwa.

Tena mwaka wa kwanza ni kitu cha kushukuriwa kweli. Jioni ile tulipokata keki chini ya mkungu, mama mkwe alikataa kuimba kabla hajaomba dua. Yeye alizaa wanane, akakuza saba. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemuuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 68 walikuwa hawafikishi mwaka mmoja. Ule wa 2022 ulionyesha 33. Tumesogea mbele, lakini nyuma ya hesabu hiyo kuna akina mama wenye majina na nyumba zao. Kwa hiyo anayekwambia bethdei ya kwanza ni ushamba au uzungu, mwache. Sherehekeeni! Ila sherehekeeni kwa akili. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa machozi:

Ambianeni ukweli kabla ya kualika. Kaeni wawili, kila mmoja ajibu swali moja: "Mimi binafsi nataka nini siku hiyo?" Mtoto asitajwe kwenye jibu. Mtashangaa mtakayoyasikia, na huenda mkagundua kwamba mnachokitaka hakihitaji watu kumi na wanne.

Fuateni saa ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka mmoja alale kati ya saa 11 na 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Ukiukata usingizi huo, utaulipia kwa kelele. Fikeni geti linapofunguliwa, mcheze saa mbili, muondoke kabla hajachoka. Jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni kali. Kofia, nguo nyepesi ya mikono mirefu na kivuli viwepo, na anyonye au anywe maji mara kwa mara.

Majini, mkono haumwachi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, tena kimya kimya. Maboya ya kuvaa mikononi si ulinzi. Mtu mzima mmoja awe ndani ya maji naye, umbali wa kumgusa, na simu aiache kwenye mkoba. Msiseme "wote tunamwangalia", maana hapo ndipo hakuna anayeangalia. Na kama anaharisha, siku hiyo asiingie bwawani, hata kwa pampasi za kuogelea.

Msosi uwe wake. Bebeni uji wake, ndizi iliyopondwa, kile alichokizoea. Bisi, karanga na pipi ngumu zinazouzwa pale ni hatari ya kumkaba koo. Waambieni na wageni, kwa sababu shangazi mwenye mapenzi hakosi karanga mkononi.

Hela ipangwe kwa vichwa. Gharama si mtoto, gharama ni waliokuja na mtoto. Hesabuni kiingilio, usafiri na chakula kwa kila mtu mzima, kisha mpunguze majina mpaka hesabu isikunyime usingizi. Kukopa kwa ajili ya bethdei ambayo mhusika hataikumbuka, hapo sitakutetea.

Pokezaneni. Mkienda wawili, mmoja akae na mtoto, mwenzake akateleze, kisha mbadilishane. Mkimpata bibi mwenye kanga na moyo mzuri, nendeni pamoja hata mara moja tu. Mwaka mzima mmekuwa baba na mama. Nusu saa ya kuwa wapenzi haitamdhuru mtoto.

Picha za siku ile bado ninazo. Binti yuko chini ya mkungu, kanuna, keki imemjaa puani, kifuniko cha chupa kakishika hataki kunyang'anywa. Nyuma yake tumesimama mimi na baba yake, tumelowa chapachapa, tumeshikana mikono kama wachumba. Siku akiuliza, "Kwani hii ilikuwa bethdei ya nani?" nitamjibu bila haya: ya kwako mwanangu, na yetu pia.

Mwaka huu na wewe una mtoto anayetimiza mmoja? Kabla hujaagiza keki, mgeukie mwenzako leo usiku, umpe mkono, umwambie hongera. Hicho hakina kiingilio.

Tukutane mwezi ujao!