Daraja Lipitalo Juu ya Makaburi



Juma lililopita tuligawiwa kalenda ya miezi iliyobaki ya mwaka huu wa 2025. Sikukuu za serikali zimetiwa rangi nyekundu. Kando yake, kwa rangi ya manjano, zimetiwa siku za kazi ambazo mtu akiziombea ruhusa kwa mkubwa wake atajikusanyia mapumziko marefu. Chini kabisa limeandikwa pendekezo: kikundi chetu kifunge safari ya Ziwa Tshangalele, upande wa Likasi, kuanzia Alhamisi jioni tarehe 31 Julai hadi Dominika jioni tarehe 3 Agosti. Tutalipigia kura pendekezo hilo katika mkutano ujao. Mimi nitalikataa. Na kwa kuwa waliolitayarisha ni watu wenye bidii, tena wawili kati yao ni wanangu wa ubatizo, si haki niinue mkono wa kukataa bila kuwaeleza kisa chake.

Maofisini jambo hilo huitwa kwa Kifaransa "pont", yaani daraja. Siku ya kazi iliyobanwa kati ya sikukuu na mwisho wa juma hugeuzwa njia ya kuvukia, mtu asikanyage kazi kwa siku nne. Mwaka huu kalenda imewafadhili sana wajenzi wa madaraja hayo. Tarehe 16 na 17 Januari ziliangukia Alhamisi na Ijumaa, zikaungana na Jumamosi bila fundi kupigilia hata ubao mmoja. Siku ya Kazi ilikuwa Alhamisi. Sikukuu ya Uhuru ni Jumatatu, tarehe 1 Agosti ni Ijumaa, Noeli ni Alhamisi. Mwenye mshahara wa mwezi akiitazama kalenda ya namna hiyo, mate humjaa kinywani.

Mimi niliyaonja matunda yake tarehe 2 Mei. Siku hiyo nilimsindikiza shemeji yangu mjane kwenye ofisi moja ya hapa mjini kufuatilia faili la marehemu mumewe. Alikuwa amekuja kwa lori kutoka Kasenga, ameacha samaki wake sokoni mikononi mwa jirani. Tulimkuta zamu peke yake, ameketi kivulini. Akatuambia kwa adabu nyingi kwamba wakubwa watarudi Jumatatu. Ndugu, tarehe 2 Mei haikuwa sikukuu. Hakuna sheria iliyofunga mlango ule. Wenye ufunguo walikuwa darajani, na mjane alikuwa chini ya daraja, akihesabu siku tatu za soko alizozipoteza.

Lakini hasara ya siku tatu, ingawa ni kubwa kwa aliyeipata, si kisa changu kikuu. Kisa changu ni kwamba sikukuu ina mwenyewe. Si mali ya mwajiri, wala si mali ya mwajiriwa. Imewekwa kwa jina la mtu au la watu fulani, na sisi tunapewa mapumziko ili tupate nafasi ya kuwakumbuka. Tukichukua nafasi na kumwacha mwenyewe, tumefanya kama mgeni aliyealikwa matangani akala wali akaondoka bila kuuliza nani amefariki.

Tazameni tarehe 4 Januari. Mwaka 1959 siku hiyo ilikuwa Dominika. Watu wa Léopoldville walikuwa katika mapumziko yao ya mwisho wa juma: wengine wamekwenda kwenye mkutano wa ABAKO ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imeukataza, wengine wanatoka kutazama mpira. Maandamano yakawaka, askari wakawapiga risasi, na makumi ya watu hawakurudi nyumbani. Siku tisa baadaye, tarehe 13 Januari, Mfalme Baudouin alitangaza redioni kwamba Ubelgiji itaiongoza Kongo kwenye uhuru. Waliotununulia siku hiyo ya kulala hadi saa tatu asubuhi walikufa siku yao ya mapumziko.

Na kuhusu tarehe 17 Januari, sisi watu wa Lubumbashi tuna udhuru mdogo kuliko Wakongo wengine wote. Ndege iliyowaleta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito mwaka 1961 ilitua hapa kwetu, Luano. Usiku uleule walipigwa risasi Shilatembo, kilometa kama 50 kutoka mjini, upande wa barabara ya Likasi. Miili yao iliharibiwa ili pasiwe na kaburi. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba. Likatembezwa nchini, likaletwa hadi Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Taifa zima lilizika jino kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuzika. Sasa, mwezi wa Januari mwaka huu, siku ya ukumbusho wa mauaji hayo, baadhi yetu walipita katika barabara ileile na makasha ya bia garini, redio ikiimba, wakielekea ziwani. Sisemi walikosa kwa kupita. Nauliza tu kama kuna aliyepunguza mwendo.

Najua jibu litakalokuja: mzee anataka tuomboleze mwaka mzima. Hapana. Napenda ziwa, na mimi ndiye niliyewafundisha wengine wenu kutega samaki Tshangalele kabla hamjaota ndevu. Wala sidai kwamba sikukuu lazima ijae hotuba na gwaride. Wakubwa zenu wanakumbuka kwamba mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliifuta Noeli katika orodha ya sikukuu za serikali. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Tulikwenda Misa ya usiku, asubuhi tukaenda kazini na usingizi machoni, na Noeli haikufa. Nyakati zile tulijifunza kwamba sikukuu yaweza kuishi bila mapumziko. Leo ninyi mnatuonyesha kwamba mapumziko nayo yaweza kuishi bila sikukuu.

Sasa nije kwenye tarehe yenyewe iliyopendekezwa. Kati ya siku zote nyekundu katika kalenda ile, mmeichagua 1 Agosti, Siku ya Wazazi. Hiyo ndiyo siku ambayo haihitaji kuelezwa na serikali kwa mtu yeyote. Asubuhi ni ya wazazi waliofariki: majembe, mapanga ya kufyekea, ndoo ya maji, chokaa kwa mwenye uwezo. Ni kiangazi, nyasi za makaburini zimekauka na kusimama hadi kiunoni, na vumbi jekundu hushika nguo za watu hata wanarudi wote wa rangi moja. Alasiri ni ya wazazi walio hai: bukari, kuku kama yupo, watoto wanasukumwa mbele wamsalimu babu ambaye hawajamwona tangu Pasaka. Hakuna padri aliyetuamuru hayo. Watu wanayafanya, Wakatoliki na wasio Wakatoliki.

Nami niliwahi kuivuka siku hiyo kwa daraja. Ni miaka mingi sasa. Nilikuwa na kazi nzuri, nikaungana na wenzangu wa kazini tukapita Kasumbalesa, tukala siku nne Zambia. Mama yangu aliniuliza kwa ujumbe kama nitapita Katuba kumchukua twende kwa Baba. Nikamjibu kwamba tutakwenda juma lifuatalo, makaburi hayahami. Alikwenda peke yake, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Pale mlangoni pa makaburi kuna vijana wenye majembe wanaolima kwa malipo kidogo. Akamkodi mmoja, akamwonyesha mahali kwa mkono. Kijana akalima vizuri sana, akafagia, akapanga mawe. Juma lililofuata nilipofika na Mama tukaona kwamba lilikuwa kaburi la jirani. La Baba lilikuwa bado msituni. Mama alicheka. Alisema jirani naye ni mtoto wa mtu. Hakunilaumu hata neno moja, wala siku ile wala baadaye, na miaka mitatu tangu hapo naye akalazwa kando ya Baba. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema makaburi hayahami, namjua kwa sura.

Mwaka huu kuna jambo jingine. Katika parokia zetu wamo ndugu waliokimbia vita vya Kivu. Wazazi wao wamezikwa Goma, Bukavu, Rutshuru, na hawawezi kufika kwao hata kwa gharama yoyote. Siku hiyo watakaa nyumba za kupanga wakitazama ukuta. Sisi ambao makaburi yetu yako umbali wa basi moja tutakuwa ziwani. Hilo peke yake lingenitosha kupiga kura ya hapana.

Mmoja wa waliotayarisha pendekezo, muuguzi ambaye namheshimu sana, ameniandikia kwamba Bwana mwenyewe aliwaita mitume waende kando wapumzike. Ni kweli, imo katika sura ya 6 ya Marko. Tena nakubaliana naye kwamba mama anayefanya zamu za usiku na watoto wanaomwona baba yao akiwa amelala wanahitaji kutoka mjini. Mchovu si mvivu, na ole wake anayewachanganya hao wawili. Lakini dada yangu, soma hadi mstari wa 34. Walipanda mashua, wakafika, wakakuta umati umewatangulia kwa miguu. Safari ya mapumziko ikavunjika papo hapo. Bwana hakuwaambia watu warudi Jumatatu. Aliwahurumia, akawafundisha, na jioni akawalisha.

Tena kuna amri ya Sabato, ambayo wengi wetu huikumbuka nusu tu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, hakisemi wewe tu upumzike. Kinawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni, ili mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Hebu tuichukue orodha hiyo tuiweke juu ya kalenda yetu ya manjano. Zamu wa nyumba zetu atapumzika lini tutakapokuwa ziwani? Yeye ndiye atakayekesha usiku tatu badala ya mmoja, kwa sababu nyumba tupu huita wezi. Msichana wa kazi, ambaye naye ana mama, tutamwacha na mbwa au tutamchukua akapike? Kibarua wa kutwa hana daraja. Ofisi na viwanda vikifungwa siku ya ziada, naye hukosa posho ya siku hiyo. Papa Yohane Paulo II aliliona jambo hili katika barua yake Dies Domini ya mwaka 1998, alipotutahadharisha tusiichanganye Dominika na wikendi ya kujiburudisha tu. Wazee wetu wa makambi ya migodi waliiita "siku ya Mungu", na ukisema "siku ya Mungu" si rahisi kuongeza "yangu".

Niseme pia neno moja la uchungu, mnisamehe. Nimeitafuta tarehe 15 Agosti katika kalenda yenu. Mwaka huu Kupalizwa kwa Bikira Maria ni Ijumaa, majuma mawili kamili baada ya Siku ya Wazazi. Kwetu si sikukuu ya serikali, kwa hiyo ni siku ambayo Mkatoliki akitaka kuiadhimisha sawasawa angemwomba mkubwa wake ruhusa. Haina rangi nyekundu, sawa. Lakini haina hata rangi ya manjano. Kikundi cha walei kimehesabu siku zote zinazofaa kuombewa ruhusa kwa ajili ya kuogelea, kikaisahau hiyo.

Basi nina ombi badala ya lile lililoandikwa. Tshangalele twende, lakini tusafiri tarehe 15 Agosti baada ya Misa ya asubuhi, turudi Dominika tarehe 17. Mwenye kuombea ruhusa aiombee siku hiyo, na anayehudumia watu ofisini aache mwenzake mezani. Shule zimefungwa, watoto wako huru. Zamu na wasichana wa kazi wapewe siku zao kabla hatujaondoka, nasi tulinde nyumba zetu wenyewe kwa zamu. Wakati wa kurudi tusimame Shilatembo kwa nusu saa; gharama yake ni nusu saa.

Na tarehe 1 Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi nitakuwa kwenye lango la makaburi. Nina majembe matatu, moja mpini wake unacheza kidogo. Ndugu zetu wa Kivu wanaotaka kuja kusali pamoja nasi kwa ajili ya wazazi wao wa mbali wanakaribishwa. Wamwone katibu kabla ya Jumatano ili tujue idadi ya viti katika basi.